Polipu ya Milimita 12: Bi. Muuguzi Anajibu

Safu hii huandikwa na muuguzi mstaafu aliyefanya kazi katika chumba cha kamera za tumbo hapa Mombasa. Barua zimefupishwa na majina ya walioandika yameondolewa.

SWALI

Assalaam alaykum Bi. Muuguzi. Mimi ni mwanamume wa miaka 54, naishi Tudor. Nilikuwa naona damu kidogo nikienda haja kubwa, daktari akanipeleka nipigwe kamera ya utumbo. Wakakuta polipu 2. Moja ya milimita 12, ina kikonyo, iko upande wa kushoto. Nyingine ya milimita 4, karibu na njia ya kutokea. Zote walizitoa pale pale na jioni ile nikalala kwangu. Juzi nimechukua karatasi ya maabara. Ile kubwa imeandikwa "adenoma ya tubula, displasia ya daraja la chini, ukingo safi". Ndogo imeandikwa "hipaplastiki". Daktari kaniambia nirudi baada ya miaka 3, hakuongeza neno. Shemeji yangu anasema milimita 12 ni kubwa, hiyo ni kansa tayari, na kwamba ikishaguswa na chuma husambaa mwilini. Tangu siku hiyo mke wangu halali. Je, nina kansa? Na kama sina, mbona nimeambiwa nirudi?

Baba wa watoto 4, Tudor

JIBU

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Neno analolingoja mke wako nalitanguliza: kwa hayo yaliyoandikwa na maabara, huna kansa. Mwambie sasa hivi, usingoje umalize kunisoma.

Shemeji yako hakukosea yote. Ni kweli kwamba 12 ni namba ya kutazamwa. Alipokosea ni kuuchukulia ukubwa kama hukumu, na hukumu hutolewa maabara, chini ya hadubini.

Polipu ni kinyama kinachoota kwenye utando wa ndani wa utumbo mpana. Watu wengi wanazo na hawajui, maana haziumi. Chukua rula ya shule ya mmoja wa watoto wako, utazame alama ya milimita 5, kisha 10, kisha 20. Polipu ya milimita 5 kushuka chini ni nadra mno kukutwa na kansa ndani yake. Ya 6 hadi 9, kiasi cha mbaazi moja, bado wenye kansa ni chini ya mtu 1 katika kila 100. Ikifika 10 ndipo tunaiita kubwa. Ikipita 20, hata sauti za watu mle chumbani hushuka.

Mwaka 1975 madaktari wa hospitali ya St Mark's ya London, hospitali ya magonjwa ya utumbo, Muto, Bussey na Morson, walichapisha hesabu ya polipu walizozikusanya kwa miaka mingi. Zilizokuwa chini ya sentimita 1, zenye kansa ndani yake zilikuwa asilimia 1.3. Za sentimita 1 hadi 2, asilimia 9.5. Zilizozidi sentimita 2, asilimia 46. Usishtuke na hiyo ya mwisho. Polipu zile ni za enzi ambayo wengi walifika hospitali wameshaugua, na nyingi zilitolewa kwa upasuaji. Leo kamera inazikuta mapema na asilimia zimeshuka, hasa kwa zile ndogo. Lakini mpangilio haujabadilika: kadiri kinyama kinavyokuwa kikubwa, ndivyo uwezekano unavyopanda, na haupandi polepole.

Sasa jiweke humo. Yako ya 12 inaangukia kundi la katikati. Hata kwa hesabu ile ya zamani, yenye kuogofya kuliko zote, zaidi ya polipu 90 katika 100 za kundi lako hazikuwa na kansa. Na yako haimo tena kwenye bahati nasibu, kwa sababu imeshakatwa vipande vyembamba na kutazamwa. Iko upande wa hizo 90 na ushei.

Kwa nini ukubwa una uzito hivyo? Kwa sababu kinyama hukua kwa seli kugawanyika, na kila seli inapogawanyika kuna nafasi ya kosa kuingia kwenye jeni zake. Mara nyingi jeni ya kwanza kuharibika ni ile inayoitwa APC, ndipo polipu inaota. Baadaye hufuata nyingine, kama KRAS, kisha TP53, ndipo seli zinavunja mpaka na kuingia ndani ya ukuta wa utumbo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi. Polipu kubwa ni ile iliyokwisha kwenda masafa. Pengine haijafika, na nyingine hazifiki kamwe, ila imekwisha kwenda.

Mwulizaji mwenye busara atasema: je, wangeiacha? Hilo nalo lina jibu. Zamani, kabla kamera hazijaenea, utumbo ulikuwa ukipigwa eksirei ya bariamu. Kliniki ya Mayo, Marekani, ilifuatilia watu 226 walioonekana kuwa na polipu za milimita 10 na zaidi ambazo hazikutolewa. Matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Uwezekano wa kansa kuota mahali pale pale penye polipu ulikuwa asilimia 2.5 ndani ya miaka 5, asilimia 8 ndani ya miaka 10, na asilimia 24 ndani ya miaka 20. Zisome namba hizo pole pole. Zinakwambia mambo mawili kwa pamoja: kwamba hukuwa unakufa kesho, na kwamba mwanamume wa miaka 54 anayetaraji kuozesha wajukuu zake hana sababu ya kuliacha jambo hilo tumboni miaka 20.

Kuhusu kipimo chenyewe kuna kitu wagonjwa hawaambiwi. Hiyo 12 haikupimwa kwa rula. Kamera inapokisogelea kinyama, kinaonekana kikubwa. Ikirudi nyuma, kidogo. Kwa hiyo daktari hupitisha koleo dogo ndani ya mrija, akalifungua mdomo kando ya polipu. Mdomo ule ukifunguka wote huwa na upana wa kama milimita 7 au 8, na kwa huo anakadiria. Wengine hukadiria kwa upana wa kitanzi cha waya, kile kinachokatia polipu. Baada ya hapo kinyama kinaingia kwenye chupa ya formalini, kinanywea kidogo, na mtaalamu wa maabara anakipima kwa rula yake. Ndiyo maana unaweza kuona chumba cha kamera wameandika 12 na maabara wakaandika 10, na hakuna aliyedanganya. Jambo hili linanikera kidogo pale namba inapozunguka 10, kwa sababu binadamu hupenda namba kamili: kitu cha 8 au 9 kinaandikwa 10, na mgonjwa anahesabiwa kuwa na polipu kubwa kwa sababu ya kalamu. Yako ya 12 haina utata huo.

Tuje kwenye maneno ya karatasi. "Adenoma" ni polipu ya ile jamii inayoweza kugeuka kansa. "Tubula" ni umbile la seli zake, nalo ndilo la kawaida na lenye hatari ndogo. Linalotutia wasiwasi zaidi ni lile linaloitwa vilosi, lenye nyuzinyuzi kama manyoya. "Displasia ya daraja la chini" maana yake seli zimeanza kupotoka kidogo. Kila adenoma ina displasia, kwa hiyo neno hilo lisikutishe. La kuogopwa ni daraja la juu. "Ukingo safi" ndilo neno la kumshukuru Mungu: pale kitanzi kilipokata hapakubaki mabaki. Ile ya milimita 4, hipaplastiki, yaani seli zimezidi tu bila kupotoka, ikiwa karibu na njia ya kutokea, haina habari. Isikushughulishe.

Kwa nini basi miaka 3? Si kwamba daktari amekuficha kitu. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unasema aliyetolewa adenoma ya milimita 10 au zaidi arudi baada ya miaka 3. Wazungu wa Ulaya nao, mwaka huo huo, walisema miaka 3. Ungekuwa na adenoma 1 au 2 za chini ya milimita 10, Wamarekani wangekwambia urudi baada ya miaka 7 hadi 10. Hapo ndipo 12 yako inapofanya kazi: imekusogezea tarehe. Utumbo uliootesha adenoma kubwa mara moja una tabia ya kuotesha nyingine, na tunataka kuikuta ile nyingine ingali na milimita 3 au 4. Iandike tarehe hiyo mahali ambapo mke wako pia anaiona.

La chuma kusambaza kansa nimelisikia tangu nikiwa msichana wa mafunzo, na limeua watu. Naelewa lilikotoka. Mgonjwa wetu hukaa na ugonjwa miaka, akajaribu hiki na kile, akaja umeshafika kwenye ini. Anapasuliwa, anakufa baada ya mwezi, na mtaani wanasema kisu ndicho kilichomwua. Kilichomwua ni ile miaka. Polipu isiyo na kansa haina cha kusambaza. Kitanzi kinapita kwenye kikonyo, kinakazwa, kinyama kinadondoka, kinafyonzwa na kunaswa kwenye kichujio. Kabla ya mwaka 1969, madaktari Wolff na Shinya walipoanza kuzitoa kwa kamera kule New York, mtu mwenye polipu kama yako, ikiwa juu kuliko inavyofika mirija ya zamani, ilibidi apasuliwe tumbo. Na mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu 1,418 waliotolewa adenoma ulionyesha kansa ya utumbo ilipungua kwao kwa asilimia 76 hadi 90, kulingana na kundi walilolinganishwa nalo. Msomee shemeji kwa heshima, huenda naye anahitaji kwenda.

Nikwambie lililonifanya niandike jibu refu hivi. Wewe ulikwenda kuchukua karatasi. Wengi hawaendi. Wanaambiwa "tumeitoa", wanashukuru, wanashika njia ya nyumbani. Palikuwa na baba mmoja, seremala, mtu wa Mji wa Kale, mikono yake ilikuwa na harufu ya mbao hata akivaa gauni la hospitali. Alitolewa polipu iliyozidi milimita 20. Mimi mwenyewe niliitia chupani na kuandika lebo. Maabara ikaleta majibu: ndani ya polipu mna kansa, na imefika chini ya milimita 1 kutoka pale palipokatwa. Mtu kama huyo huitwa haraka, akaelezwa habari ya kukatwa kipande cha utumbo, na wengi wao hupona. Majibu yalikaa kwenye droo. Namba ya simu iliyokuwa kwenye faili ilikuwa ya mwanawe aliyekwisha kwenda Uarabuni kutafuta. Hakuna mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumtafuta mgonjwa. Aliporudi alikuja na utumbo umeziba. Kituo sikitaji, na hakikuwa kituo cha watu wabaya. Tangu hapo kila mgonjwa aliyepita mikononi mwangu nilimwambia kabla hajavaa viatu: majibu yatatoka siku fulani, dirisha fulani, uje mwenyewe, usiondoke bila karatasi.

Mambo mawili ya mwisho. Damu uliyokuwa ukiiona huenda ilitoka kwenye ile polipu, huenda ni bawasiri. Ikirudi, usingoje miaka 3, rudi mara moja. Na waambie ndugu zako wa tumbo moja, na watoto wako wakikua, kwamba baba yao alikutwa na adenoma ya zaidi ya milimita 10. Kwao kipimo kinaanza mapema, wakifika miaka 40. Wampe daktari nakala ya karatasi yako, si maneno matupu.

SWALI

Shikamoo Bi. Muuguzi. Mimi ni mama wa miaka 38, wa Likoni, nafanya biashara ya nguo Kongowea. Tangu kabla ya Ramadhani natokwa na damu nikienda choo. Muuza dawa aliniuzia dawa ya bawasiri, damu ikakata, kisha ikarudi. Nachoka sana, hata kupanda ngazi za feri napumzika. Marehemu baba yangu aligunduliwa kansa ya utumbo akiwa na miaka 49. Nimesikia kuna kipimo cha choo cha bei rahisi. Nianze na hicho? Ukweli ni kwamba hicho kingine cha kamera naona haya.

Mama Likoni

JIBU

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu baba yako.

Usianze na kipimo cha choo. Kipimo kile ni kizuri, lakini ni cha mtu asiye na dalili, kinatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Wewe damu unaiona. Kikisema ipo, hakijakwambia jipya. Kikisema haipo, utajituliza bure. Wewe unahitaji kamera, na unaihitaji mwezi huu.

Nitakwambia kwa nini sikupi nafasi ya kusubiri. Kanuni kwa mtu ambaye mzazi wake alipata kansa ya utumbo kabla ya miaka 60 ni kuanza kamera akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi aligunduliwa, ipi itangulie. Baba yako 49, toa 10, ni 39. Ungekuwa mzima kabisa, bado ungekuwa mlangoni. Na huu mchoko wa ngazi za feri unanishughulisha kuliko damu yenyewe. Polipu kubwa huvuja kidogo kidogo hadi mtu akapungukiwa damu na hajui. Leo hii mwambie daktari akupime wingi wa damu. Ni kipimo cha dakika chache.

Huenda ni bawasiri kweli. Natamani iwe hivyo. Lakini bawasiri na polipu vinaweza kukaa kwa mtu mmoja, na dawa ya kupaka ikikata damu ya bawasiri haijui kilicho juu yake. Hapa Kenya madaktari wa upasuaji wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba wagonjwa wao wengi wa kansa ya utumbo hawajafika miaka 50, na wengi wao wana hadithi ya kuanza na dawa ya bawasiri.

Kuhusu haya, sikubezi. Stara ni kitu, na nimeshika mikono ya akina mama wengi waliolia kwa ajili ya hiyo kabla hata mrija haujaguswa. Nikueleze ilivyo. Unapewa gauni au suruali fupi ya karatasi yenye upenyo nyuma. Unalala ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja, shuka linakufunika mpaka kifuani. Kinachobaki wazi hakizidi kiganja. Unadungwa dawa ya usingizi, na wengi huamka wakiuliza "mtaanza lini?" Daktari muda wote macho yake yako kwenye skrini ukutani. Unaweza kuomba muuguzi wa kike akae kichwani mwako, na ukipenda omba daktari wa kike. Akiwepo utapewa, na asipokuwepo usiahirishe kwa ajili hiyo. Chukua leso yako mwenyewe, uingie nayo.

Ukipiga simu kuuliza bei, uliza bei ya vyote: kamera, dawa ya kuosha tumbo, dawa ya usingizi, kutoa polipu ikipatikana, na maabara. Maabara mara nyingi hutozwa kando, na hapo ndipo watu hukwama, chupa imeshajazwa na hela ya kuisomesha hakuna. Uliza pia kabla ya siku yenyewe bima ya afya ya serikali, SHA, italipa kipi na kipi utalipa mfukoni.

Ukitoka, karatasi ya kamera iwe na mambo haya: kama utumbo ulikuwa safi, kama mrija ulifika hadi mwanzo kabisa wa utumbo mpana, sehemu inayoitwa sikamu, polipu ngapi, kila moja milimita ngapi, ilikuwa wapi, na imetoka yote au kipande. Ukiona imeandikwa "polipu imeonekana, imetolewa" bila namba, mrudie daktari kwa adabu umwombe aandike ukubwa. Atakayekutibu baadaye hana njia ya kukupangia tarehe bila hiyo namba. Na polipu ya milimita 20 na zaidi iliyotolewa vipande vipande hurudiwa kutazamwa baada ya miezi 6, kwa sababu vipande huacha mabaki.

Niandikie ukishapata majibu. Nitayasoma mwenyewe.

SWALI

Bi. Muuguzi, mimi kijana wa Bamburi, miaka 27. Mamangu alikutwa na polipu ya milimita 7 na amepewa tarehe ya kuja kuitoa, lakini jirani kamletea mbegu za papai na habasoda, anasema zitaiyeyusha. Mama anataka kuahirisha. Na je, ni kweli mishkaki ndiyo inayoleta polipu?

JIBU

Asiahirishe. Hakuna mbegu, mafuta wala mzizi ulioonyeshwa kuyeyusha polipu. Habasoda ale, aliipenda Mtume na mimi ninayo jikoni, ila siku ya miadi aende. Milimita 7 ni wakati mwema kabisa wa kuitoa: uwezekano wa kansa ni mdogo, kitanzi kinaikata baridi bila umeme, damu ni kidogo, na kazi inaisha kwa dakika chache. Akikaa nayo miaka akija na ya 25, itakuwa ni kudungwa maji chini yake iinuke, kukatwa kwa vipande, kulazwa pengine. Mwonyeshe tofauti hiyo, akina mama wanaelewa mambo ya gharama.

Ya mishkaki: mwaka 2015 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa bila shaka, na kwamba kila gramu 50 kwa siku huongeza hatari ya kansa ya utumbo kwa asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida waliiweka kundi la chini yake, kwamba yaelekea inasababisha. Kwa hiyo mishkaki ya Ijumaa sitakunyang'anya. Soseji ya kila asubuhi ningekunyang'anya. Sigara, pombe na kitambi navyo vimo. Mbaazi, kunde, mchicha na matunda viwe vingi. Yote hayo hupunguza uwezekano wa polipu kuota siku za mbele, lakini ile iliyokwisha ota haisikii chakula.

SWALI

Mamangu ana miaka 66, ana sukari, anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Kamera ni Jumanne ijayo. Nimtayarishe vipi? Binti wa Changamwe

JIBU

Leo hii, kabla ya jambo lolote, piga simu kule atakakofanyiwa uwatajie dawa zote mbili, ile ya sukari na ile ya damu. Usizisimamishe kwa akili yako na usimwache aendelee nazo bila kuuliza. Dawa ya damu ina siku zake za kuachwa, na nyingine haziachwi. Wanaojua ni wao.

Kuanzia Jumamosi aache vyakula vyenye mbegu na maganda: mbaazi, pojo, mapera, nyanya, mboga za majani. Wali mweupe, samaki, mayai na mkate mweupe vinafaa. Jumatatu ni vitu vya maji tu vinavyopitisha mwanga: supu iliyochujwa, chai ya rangi, madafu bila nyama yake. Kama figo zake hazina nguvu, madafu aache. Asinywe kitu chekundu, maana kwenye kamera kinafanana na damu. Dawa ya kuosha tumbo kwa kawaida hugawanywa, nusu jioni na nusu alfajiri ya siku yenyewe. Ile nusu ya alfajiri watu huiruka kwa sababu ya usingizi, na ndiyo inayosafisha upande wa kulia, ambako hukaa polipu bapa zisizo na kikonyo, zenye rangi ya utumbo wenyewe. Daktari akizitafuta kwenye uchafu hazioni, hata akijitahidi. Mrija ukishafika mwisho, anapaswa kuurudisha taratibu, dakika zisizopungua 6, akitazama kila kunjo. Kwenye utumbo mchafu dakika hizo zinaishia kwenye kusuuza.

Atajua ametakata pale kinachotoka kitakapokuwa cha manjano na maji, unaona sakafu ya choo. Ikiwa Jumanne asubuhi bado ni kahawia, piga simu useme kabla hamjaondoka nyumbani.

Sukari ikishuka usiku ule, atatetemeka na kutokwa jasho: mpe maji ya sukari au sharubati nyeupe iliyochujwa, ukampime. Na wewe mwenyewe uende naye. Baada ya sindano ya usingizi hataruhusiwa kuondoka peke yake, na bodaboda siku hiyo hapana.